Moto wa Nambis, Ng'ombe wa Dirma

Daktari alimfukuza mke wangu jikoni. Alisema kwa upole, kwa sauti ya kijana anayezungumza na mtu wa rika la bibi yake, lakini kufukuza ni kufukuza. Alimpima kifua mbele na mgongoni, akamwuliza amepikia kuni tangu lini. Mke wangu akajibu kwamba tangu alipoweza kuzibeba. Daktari akaandika dawa, akatuambia kwamba zitamsaidia sana, ila akiendelea kuvuta moshi itakuwa sawa na kufagia ua wakati wa upepo.

Tukarudi nyumbani Nambis. Mkwe wetu, mke wa kitinda mimba wetu, anakaa nasi ua mmoja, na siku hiyohiyo akachukua kazi yote ya kupika kwenye jiko lake. Ni binti mwema na mkono wake ni mzuri. Lakini mke wangu akawa mgeni nyumbani kwake mwenyewe. Alikaa kwenye kigoda upande wa pili wa ua, na upepo ukigeuka alibeba kigoda chake akahama. Chakula kililetwa kimefunikwa. Alinawishwa mikono kama mtu aliyetoka safari. Mwanamke aliyelisha mapadri, walimu, waombolezaji na wavunaji wa vijiji viwili, sasa alikuwa akila chakula asichojua kimetiwa chumvi saa ngapi.

Hakulalamika. Jioni moja tu, tulipomaliza rozari, aliniambia, "Mzee, siku hizi mgeni akija namkaribisha kwa maneno."

Nimekuwa katekista kwa sehemu kubwa ya maisha yangu. Nimefundisha watoto subira hadi wakawa wazazi wakaniletea watoto wao niwafundishe subira. Lakini neno hilo lilinikosesha raha. Nikaanza kutafuta moto usio na moshi.

Kijana wetu aliyeko Babati alikuwa wa kwanza kutusaidia. Alituletea mtungi wa gesi na jiko lake. Wakati huo habari za nishati safi ya kupikia zilikuwa redioni kila asubuhi, kabla ya bei za mazao, na mitungi ilikuwa ikiuzwa kwa bei ya kuhurumiwa. Tulimshukuru Mungu na tukamshukuru kijana. Kwa wiki chache mke wangu alipika, akaimba. Kisha mtungi ukaisha, nasi tukajifunza kwamba shida ya mtungi haiko katika kuununua, iko katika kuujaza. Kwenda kuujaza mjini Mbulu ni safari ya pikipiki, na wakati wa masika pikipiki yenyewe hubebwa. Tuliujaza mara moja, tukaujaza tena, halafu ada za shule za wajukuu zikafika. Asubuhi moja nikaona mke wangu ameuvika mtungi kitambaa cha kufuma na kuweka redio juu yake. Redio ikawa inatangaza nishati safi ikiwa imekalia nishati safi.

Umeme nao umefika kwetu. Nguzo zimepita kando ya kanisa la kigango, na kila nikiwasha taa nafanya ishara ya msalaba, kwa sababu nilijifunza kusoma kwa kibatari. Lakini umeme wetu ni wa taa na simu. Anayepikia umeme ni mwalimu mmoja kijana mwenye mshahara, naye hula akiwa na wasiwasi.

Ndipo ikaitishwa mikutano ya kata. Walikuja watu wa mradi pamoja na bwana shamba, wakazungumza juu ya mabadiliko ya tabianchi. Sisi tulisikiliza kwa adabu, ingawa mtu aliyepanda mahindi na maharage kwenye miteremko hii hahitaji kuambiwa kwamba mvua imebadili tabia. Tumeona vuli zikisahau kuja. Tumeona masika yakija yote kwa siku moja, yakachukua udongo na mbegu. Mgeni wa mradi akaeleza kwamba mataifa makubwa, ambayo viwanda vyao ndivyo vilivyojaza hewa uchafu, yameahidi kusaidia nchi kama yetu kupata nishati isiyoharibu hewa. Jirani yangu wa nyumba ya chini akanyoosha mkono. Ni mtu mgumu wa kutoa, hata sadaka huitoa akiishika kidogo kwanza. Akauliza msaada huo unafika Nambis lini.

Yule mgeni alikuwa mtu mkweli. Alisema, "Unakuja, mzee wangu. Ila safari yake ni ndefu, na ukifika huwa umechoka."

Tulicheka wote, na kwa sababu alisema kweli, tulimwamini alipoeleza yaliyobaki. Alisema mwenye ng'ombe anaweza kupata moto kutoka kwenye samadi yake. Unajengwa mtambo chini ya ardhi, kama tangi lenye kuba ya saruji. Samadi mbichi inachanganywa na maji na kuingizwa humo. Inachacha, inatoa gesi, gesi inapita kwenye bomba hadi jikoni. Hakuna kuni, hakuna mtungi, hakuna moshi. Mradi ungechangia saruji, mabomba na fundi. Mwenye nyumba angetoa mawe, mchanga, nguvu na kiasi fulani.

Nilirudi nyumbani nikiwaza jambo ambalo bado nalifikiri. Jua, upepo na mavi ya ng'ombe ni vitu Mungu anavyotoa bila kudai kitu. Chombo cha kuvipokelea ndicho kina bei, na bei yenyewe inalipwa siku ya kwanza, kabla hujapata hata kikombe cha chai. Tajiri hulipa siku ya kwanza akastarehe. Sisi tunaolipa kidogokidogo tunaendelea kununua kidogokidogo kitu cha ghali. Kwangu, siku ya kwanza ililipwa na dume mmoja aliyekwenda mnadani. Nilimbariki alipotoka zizini, na sijamjutia.

Fundi aliyekuja kupima alikuwa binti, mtu wa kule migombani Kilimanjaro, mwenye viatu vya mpira na kicheko cha karibu. Aliniamkia shikamoo, akamwamkia mke wangu kwa magoti, akapewa maziwa, akanywa yote. Ilikuwa mchana na zizi lilikuwa tupu, ng'ombe wamekwenda malishoni. Akatoa simu yake ya kuandikia akauliza, "Babu, una ng'ombe wangapi?"

Nikamwambia sita. Mke wangu aliyekuwa ameketi pale pale akaitikia, "Ndiyo, sita."

Wala hatukusema uongo. Kwao fundi yule, ng'ombe hulishwa bandani, na mwenye ng'ombe na ng'ombe wake hulala wakisikiana pumzi. Kwetu sivyo. Mtu mwenye akili haweki ng'ombe wake wote kwenye zizi moja, kwa sababu ugonjwa ukiingia au majani yakikauka atabaki maskini kwa wiki moja. Huwatawanya. Humpa rafiki aliye mbali amfugie, na rafiki huyo naye huwa na ng'ombe wake mahali pengine. Anayefuga hunywa maziwa. Mwenyewe hupata ndama. Ng'ombe wangu watano walikuwa Dirma, uwandani Hanang, kwa rafiki yangu, mfugaji wa Kibarbaig, na walikuwa huko kwa miaka mingi, wao na mama zao kabla yao. Nyumbani nilikuwa na mmoja na ndama wake. Ukiniuliza nina ng'ombe wangapi, jibu langu ni sita, na mtu yeyote wa Nambis angejibu vivyo hivyo. Ukitaka kujua wangapi wanakula hapa, hilo ni swali lingine, na binti hakuliuliza.

Basi akatupimia mtambo wa ng'ombe sita.

Tulichimba kwa furaha. Wanaume wa jumuiya yetu ndogo walikuja na majembe na sururu, mawe yalikuja kwa punda, mkwe wetu alipika uji wa sufuria kubwa. Mke wangu alikuwa akija ukingoni mwa shimo na kigoda chake, anatazama ndani na kutuambia pembe moja imepinda, jambo lililowashangaza vijana kwa kuwa shimo lilikuwa la mviringo. Fundi akajenga kuba kwa ustadi mkubwa. Ilipokauka ilikuwa nzuri kama kisima cha watakatifu.

Siku ya kulisha mtambo, binti alikuja asubuhi, akatazama zizini, akaona ng'ombe mmoja na ndama. Akasubiri. Akadhani wengine wako njiani.

"Babu, wale watano wanarudi saa ngapi?"

"Hawarudi. Wako Dirma."

"Dirma ya wapi?"

Nikamwonyesha kwa mkono upande wa kusini, chini kabisa, kule ambako siku ya hewa safi mtu huona mlima Hanang umesimama peke yake. Alitazama mkono wangu, akatazama mtambo, kisha akaketi kwenye ndoo. Halafu mabega yakaanza kutikisika, akacheka hadi akajifuta machozi kwa kilemba, na mimi niliyekuwa nimeanza kuona aibu nikajikuta nacheka naye. Mke wangu peke yake hakucheka. Yeye ndiye aliyekuwa amekwisha kusugua kuta za jiko lake la zamani na kuzipaka chokaa.

Binti alieleza vizuri. Mtambo wa ukubwa ule, ukilishwa na ng'ombe mmoja, hautajaa mwaka huu, na usipojaa gesi haisukumwi. Aliniuliza kama siwezi kuwarudisha wale watano.

Ningeweza. Ni wangu. Lakini ng'ombe wa kufugiwa hawarudishwi hivi hivi. Ukimwendea rafiki kudai ng'ombe wako wote kwa mpigo, umemwambia kwamba urafiki umekwisha au kwamba humwamini. Tena maziwa ya ng'ombe wale ndiyo waliyokuwa wakinywa wajukuu zake. Nilimwuliza mke wangu, kwa kuwa kifua kilikuwa chake. Alijibu bila kufikiri sana kwamba hatachemsha chai kwa maziwa yaliyonyang'anywa vinywani mwa watoto, hata kama itachemka bila moshi. Akarudi kwenye kigoda chake. Nikaendelea kuingiza samadi ya ng'ombe mmoja, kila asubuhi, na kila asubuhi nilisikia ikianguka mbali sana.

Watu hawakukosa la kusema. Njiani kutoka misani walikuwa wakiniuliza kama kisima kimetoa maji. Niliwajibu kwamba Mungu hana haraka, nami nilikuwa naanza kufanana naye.

Habari husafiri na wauza ng'ombe. Ilishuka hadi mnada wa Balangdalalu, ikaendelea hadi Dirma. Asubuhi moja nikasikia njuga langoni. Nilipotoka nikamwona rafiki yangu amesimama na shuka lake jeusi na fimbo begani, vumbi limempanda hadi magotini, na nyuma yake ng'ombe wangu watano wakinusa ua wetu. Walikuwa wamelala njiani.

Nikamwuliza kama kuna ugonjwa, kama kuna kifo.

"Hakuna," akasema. "Nimesikia rafiki yangu ana shimo lenye njaa. Nimeleta chakula chake."

Asiye wa huku hawezi kupima uzito wa jambo hilo. Aliwarudisha kabla hajaombwa, ili mimi nisipate aibu ya kuomba. Mke wangu ndiye aliyemjibu. Alikuja kutoka upande wa pili wa ua taratibu, akiupumzisha mkono kwenye mgongo wa ng'ombe mmoja baada ya mwingine, na alipofika kwa yule mzee akamsalimu, akamwuliza, "Shemeji, wajukuu zako wamekunywa nini leo?"

"Maji. Maji hayaui mtu."

"Basi hawa watarudi."

"Shemeji, mimi nimetembea."

"Umetembea, ndiyo. Utapumzika, halafu utatembea tena."

Rafiki yangu alimtazama, akanitazama mimi kana kwamba ananipa pole ya kuishi na mwanamke wa namna hiyo. Tulimketisha. Mkwe akaleta chai. Alipomaliza kikombe cha pili akataka kuliona hilo shimo lililosumbua watu hadi uwandani. Nikamwonyesha mlango wa kuingizia, kuba, na upande wa pili mahali tope linapotokea baada ya kutoa gesi yake. Akachungulia kwa muda mrefu akiegemea fimbo.

"Ninyi Wambulu ni watu wa dini kweli," akasema. "Mmezika mavi, sasa mmekaa kando mnasubiri yafufuke."

Mke wangu alicheka. Alicheka hadi akakohoa, akakohoa hadi tukaogopa, mkwe akaja mbio na maji; naye akainua mkono kutuzuia, maana ndani ya kikohozi bado alikuwa anacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ya daktari.

Rafiki yangu alipoona hali imetulia akauliza jambo ambalo kwa mtu wa uwandani ni la wazi. Mteremko wote ule una nyumba, na kila nyumba ina zizi. Kwa nini majirani hawanipi samadi? Nikamweleza kwamba kwetu mtu atakuazima jembe, atakuazima punda, atakupa hata siku zake mbili za kulima, lakini samadi haiombwi. Udongo wetu umelimwa tangu kwa babu za babu zetu, na kinachoufanya uendelee kutulisha ni samadi. Anayetoa samadi yake anatoa mahindi yake ya mwakani. Kwao Dirma mavi ya ng'ombe ni kitu cha kurukwa. Kwetu ni ghala.

Alifikiri. Akaenda tena upande wa tope. "Na hili linalotoka huku, linakwenda wapi?"

"Shambani. Fundi anasema lina nguvu kuliko samadi mbichi, na halina mbegu za magugu."

"Ng'ombe wako akiwa kwangu, maziwa ya nani?"

"Yako."

"Ndama?"

"Wangu."

"Basi samadi ya jirani ni ng'ombe wa kufugiwa," akasema. "Wewe kunywa maziwa. Mwili mrudishie mwenyewe."

Akaketi, akaomba chai ya tatu.

Kesho yake aliondoka na ng'ombe. Mke wangu alikubali abakize mmoja tu, mtamba mdogo, ili asiseme ametembea bure. Wengine wanne waliteremka naye, na mimi niliwasindikiza hadi njia panda nikiwa na amani ambayo sijui kuieleza. Alinionyesha jinsi ya kumpata siku hizi: kuna sola ndogo aliyoitundika kwenye ua wa miiba wa boma lake, inachaji simu. Nilipokuwa kijana sola ilikuwa kitu cha misheni, imewekwa juu ya paa kama tabenakulo ya altareni, na hatukuthubutu kuigusa. Sasa bei imeshuka hadi imefika kwenye miiba ya Dirma. Nilimwambia hilo nalo ni jambo la kushukuru. Akasema yeye hushukuru simu isipopigwa.

Jumuiya yetu ndogo ilipokuja kusali nyumbani kwetu, baada ya sala nikaomba neno. Nikawaeleza kama nilivyoelezwa. Wangeniletea samadi mbichi, ningetoa moto wake, na mwili wake ningewarudishia. Kila mmoja alikuwa anaona shamba lake. Kisha jirani yangu wa nyumba ya chini, yule wa kushika sadaka, akakohoa.

"Nikileta ndoo mbili, nitarudishiwa ndoo mbili?"

"Zaidi. Inaongezwa maji. Ukileta mbili utachukua karibu nne."

"Kwa hiyo inazaa."

"Inazaa."

"Basi ni ng'ombe," akasema, na watu wakaangua kicheko, maana hapo shauri lilikuwa limekwisha. Kama yeye amekubali, nani angebaki nyuma?

Kuanzia asubuhi iliyofuata walikuja. Walikuja na ndoo, na madebe, na viroba kwenye punda, wengine kabla ya kwenda shamba, wengine wakitoka kukamua. Mke wangu alihamisha kigoda chake hadi kwenye shimo la kuchanganyia. Hapo hapakuwa na moshi. Alimpokea kila mtu, akauliza hali ya kila mtoto na kila ng'ombe, akawaambia waliochanganya vibaya warudie. Sauti yake ilirudi siku hizo, kabla ya moto. Padri alipita kwa pikipiki kwenda kumpaka mgonjwa mafuta, akaona mstari wa watu na ndoo langoni kwangu, akasimama kuuliza kuna nini. Nikamwambia. Akasema tangu apewe daraja la upadri hajawahi kuona matoleo yakija kwa moyo hivyo siku ya kazi.

Mtambo ukajaa. Fundi alirudi, akafungua koki akanusa, akasema gesi ya kwanza haiwaki, lazima iachwe itoke. Ikatoka. Tukangoja nyingine. Baridi ya Nambis haipendi haraka, na samadi iliyo baridi huchacha polepole. Mke wangu alikuwa akienda kuweka kiganja juu ya kuba kama anayepima homa ya mtoto. Nilisali. Sikuomba muujiza, niliomba joto kidogo, na jua likatoka siku kadhaa mfululizo.

Binti alipokuja tena aliingia moja kwa moja jikoni. Tulikuwa sisi wanne: yeye, mimi, mkwe na mke wangu. Alimpa mke wangu kiberiti. Mke wangu alijifunga kanga upya, akawasha, akasogeza. Moto ukashika, wa rangi ya buluu, mdogo, umejipanga duara. Akainama kuutazama kwa karibu, jambo ambalo hakuwa amefanya kwa moto wowote kwa mwaka mzima.

"Mbona hauongei?" akauliza.

Ni kweli, ulikuwa kimya. Moto wa kuni hulalamika, hupasuka, hutema. Huu ulifanya kazi bila neno. Akaweka sufuria ya chai. Akatia majani, akatia maziwa ya ng'ombe wetu, akatia sukari kwa mkono wake mwenyewe bila kumwuliza mtu. Kikombe cha kwanza alimpa fundi, akimshikia kwa mikono miwili. Cha pili akampa mkwe. Mimi nilipewa cha mwisho, na nilikipokea kwa shukrani zilizonifanya nisione vizuri.

Siku hiyo binti aliniambia kwamba ameieleza ofisi yao habari yetu, na swali limebadilishwa. Siku hizi wakifika kwa mtu wanauliza ni ng'ombe wangapi wanalala hapa. Nilifurahi kusikia. Mipango mikubwa ya dunia hufika kwetu kama maswali, na swali likiwa sawa, saruji nyingi huokolewa. Sisemi kwamba yote yamekuwa mepesi. Majirani wawili wanataka mitambo yao midogo na bado wanaitafuta ile gharama ya siku ya kwanza. Mradi unasema tusubiri. Tunasubiri, na wakati huo samadi yao inaendelea kupita kwangu na kurudi kwao. Mahindi ya jirani yangu wa chini yalikuwa marefu mwaka huu hadi akaanza kuja na ndoo tatu.

Kifua cha mke wangu hakijawa cha msichana. Lakini daktari alipomsikiliza tena alitabasamu kabla ya kuvua vipimo masikioni, akamwuliza sasa anapikia nini. Mke wangu akamweleza yote tangu mwanzo, pamoja na ya Dirma, na watu waliokuwa wakisubiri nje kwenye benchi walisubiri sana.

Baada ya mavuno rafiki yangu alikuja kututembelea, safari hii bila ng'ombe, amekuja na mkewe. Mama huyo alikuwa hajawahi kupanda hadi kwetu. Alivaa vazi lake la ngozi na bangili zake, na habari aliyoifuata ilikuwa moja tu. Mke wangu alimshika mkono akampeleka jikoni. Alikuwa amebandika makande tangu asubuhi, chakula ambacho mtungi usingekivumilia, na moto wetu ulikuwa ungali unakwenda. Wakafunga mlango.

Sisi wazee wawili tulibaki uani. Tulisikia koki ikifungwa na kufunguliwa, ikifungwa na kufunguliwa. Tulisikia yule mama akiuliza kama chakula hakinuki samadi, na mke wangu akimwambia aonje mwenyewe. Halafu vicheko vya wanawake wawili, na kimya cha kuonja, na vicheko tena. Rafiki yangu akasema anaona leo hatutakula. Nikamwambia avumilie, mimi nimevumilia mwaka.

Hatimaye walitoka na sinia. Mke wangu alitunawisha mikono yeye mwenyewe, mgeni kwanza, kisha mimi, akaketi akingoja nishukuru. Nikasimama. Nilikuwa na mengi ya kushukuru siku hiyo nikataka nisisahau hata moja. Nikaanza na mvua, nikashukuru kwa mavuno, nikashukuru kwa jumuiya yetu na ndoo zao, nikashukuru kwa fundi na kwa wazazi waliomlea. Nilikuwa sijafika kwenye ng'ombe wakati rafiki yangu, ambaye hajabatizwa na wala hana mpango huo, aliposema kwa sauti kubwa, "Amina," akachota.